Kuchagua rivolva ya kubeba kila siku

Ingia duka lolote la silaha Houston, Columbus au Minneapolis, useme unatafuta bastola ya kubeba kila siku chini ya nguo. Kama unaonekana mgeni wa mambo hayo, na hasa kama ni mwanamke, mara nyingi muuzaji atafungua kabati la kioo akutolee rivolva ndogo ya risasi tano ambayo uzito wake haufiki nusu kilo. Atakuambia ni nyepesi, ni rahisi, haina mambo mengi. Yote matatu ni kweli, na bado ushauri wenyewe ni mbaya. Rivolva ndogo ni rahisi kuielewa na rahisi kuificha. Kuipiga ikapata shabaha ni kazi ngumu kuliko karibu bastola nyingine zote zilizomo kabatini humo, na wanaouziwa kwanza ndio wasiojua hilo.

Nawaandikia Waswahili wanaoishi Marekani ambao tayari wameshaamua: dereva wa teksi anayefanya kazi hadi alfajiri, muuguzi wa zamu ya usiku, mwenye duka anayefunga peke yake na pesa za mauzo mkononi. Sina nia ya kumshawishi ambaye hajaamua. Nyumba yenye watoto wadogo, au yenye mtu aliyezama katika huzuni, ina sababu nzito ya kukaa bila bastola. Mwaka 2021 watu zaidi ya 48,000 walikufa kwa risasi nchini humo, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Hesabu hiyo ipimwe kabla ya nyingine zote.

Kabla ya chuma, karatasi. Sheria ya shirikisho inamkataza kumiliki silaha mtu aliyeko nchini bila idhini, na inamkataza pia, isipokuwa kwa misamaha michache kama ile ya mwenye leseni ya uwindaji, aliyeingia kwa viza ya muda: mwanafunzi, mtalii, mfanyakazi wa mkataba. Mwenye grini kadi anaweza kununua, mradi hana kizuizi kingine. Anayesubiri hifadhi asiguse kitu kabla hajaongea na wakili wa uhamiaji. Na ninaposema asiguse namaanisha hivyo hivyo: kuishika bastola ya kukodi kwenye uwanja wa shabaha ni kumiliki kwa mujibu wa sheria hiyo, na picha uliyopiga ukiwa na bastola ya rafiki kisha ukaiweka mtandaoni ni ushahidi uliouandaa mwenyewe. Tangu mwaka 2022 adhabu ya kosa hilo inaweza kufika miaka 15 jela. Kwa asiye raia, hata mwenye grini kadi, kupatikana na hatia ya kosa la silaha kunaweza kumfukuzisha nchini.

Dukani utajaza fomu namba 4473, kisha majina yako yatapelekwa kwenye mfumo wa ukaguzi unaoendeshwa na FBI. Fomu inauliza kama unatumia dawa za kulevya, na inaeleza wazi kwamba bangi ni haramu kwa sheria ya shirikisho hata kama jimbo lako limeihalalisha. Ndugu zangu wa mirungi nao wajihesabu humo, kwa maana kemikali iliyomo katika majani mabichi ya mirungi imewekwa na Marekani kwenye daraja la juu kabisa la dawa zilizokatazwa. Fomu inauliza vilevile kama uliwahi kutiwa hatiani kwa ugomvi wa nyumbani. Kesi ndogo ya kumpiga mke, ile ambayo wazee wa jumuiya wangependa kuimaliza kwa kikao, inatosha kukufungia mlango. Halafu kuna swali ambalo huwaponza watu wema: je, unajinunulia mwenyewe? Shemeji akikupa pesa umnunulie kwa sababu yeye karatasi zake hazijakaa sawa, jibu ni hapana, hata akinuna mwaka mzima. Katika jambo hili huwezi kumsitiri ndugu. Mtaingia matatizoni wote wawili.

Tuje kwenye bastola yenyewe. Samuel Colt alipata hataza ya rivolva nchini Marekani mwaka 1836, na mwendo wake haujabadilika sana: silinda yenye vyumba vitano au sita inazunguka, kila chumba kikija kukaa nyuma ya mtutu kwa zamu yake. Rivolva fupi za kuficha zilipata umaarufu tangu Colt walipotoa Detective Special ya risasi sita mwaka 1927, na Smith & Wesson wakajibu mwaka 1950 kwa Chiefs Special, ndogo zaidi, ya risasi tano. Nyingi zinazouzwa leo ni wajukuu wa hizo mbili.

Kwa nini mtu achague rivolva wakati karibu polisi wote wameshahamia bastola za magazini? Sababu zipo. Haina mfuniko wa juu wa kuvuta nyuma, kazi inayowashinda wengi wenye vidole dhaifu au baridi yabisi. Ukivuta triga risasi ikagoma, unavuta tena na chumba kingine kinakuja. Huna haja ya kukumbuka mafunzo ya kuondoa risasi iliyokwama. Inaweza kupigwa ikiwa imebanwa kwenye mwili wa mtu anayekukaba, mahali ambapo mfuniko wa bastola ya magazini huenda ukazuiwa kusogea. Tena haichagui risasi: butu, nyepesi au nzito, silinda inazunguka kwa nguvu za kidole chako, wala haitegemei nguvu za risasi iliyotangulia.

Gharama yake ni hii. Risasi ni tano, pengine sita. Kuijaza tena ni kazi ya polepole hata kwa aliyezoea. Na ile sifa ya kutokwama ina mpaka wake: rivolva ikikwama kweli, kwa uchafu chini ya nyota ya kutolea maganda au kwa risasi iliyosogea, mara nyingi haikwamuki papo hapo kwa mikono mitupu. Inataka meza na zana.

Jambo ambalo hueleweka vibaya kuliko yote ni uzito. Smith & Wesson 642, yenye fremu ya alumini, ina kama gramu 410. Ruger LCR ya .38, iliyotoka mwaka 2009 ikiwa na sehemu ya plastiki ngumu, ina kama 380. Smith & Wesson 340PD imetengenezwa kwa alumini iliyochanganywa na skandiamu, pamoja na titani, ina gramu 335 hivi, na imeruhusiwa kupiga .357 Magnum. Upande wa pili ziko za chuma kitupu: Taurus 856 ya risasi sita, kama gramu 620, Kimber K6s, 650, Ruger SP101, zaidi ya 700. Mkononi dukani, ile ya gramu 335 inapendeza ajabu. Mnunuzi anatabasamu, analipa. Siku ya kwanza uwanjani anapiga silinda moja ya .357, ya pili haimalizi, na tangu siku hiyo bastola inakaa mfukoni bila mazoezi, kwa kuwa inamuumiza. Baruti ni ile ile na nguvu zake ni zile zile. Chuma kikipungua, teke lote linahamia kwenye kiganja chako.

Madhara ya wepesi hayaishii kwenye maumivu. Katika rivolva nyepesi sana teke linaweza kuzinyofoa risasi ambazo hazijapigwa: ganda linarudi nyuma pamoja na bastola, kichwa cha risasi kinabaki kilipo, kinachomoza mbele ya silinda na kuizuia isizunguke. Hapo ndipo ile meza na zana zinapohitajika. Kwa hiyo ukichagua nyepesi, piga risasi nne za aina unayokusudia kubeba, kisha toa ile ya tano uitazame na kuilinganisha na mpya. Kama imerefuka, aina hiyo haikufai.

Ndiyo maana kwa mtutu mfupi nasema .38 Special, hata kama bastola yenyewe inakubali .357. Magnum ilizinduliwa mwaka 1935 kwa ajili ya mitutu mirefu. Katika mtutu wa inchi mbili sehemu ya nguvu za baruti yake inaishia nje ya mtutu, na unachopata zaidi ya .38 ni hasa mwako wa kukupofua usiku na mlio wa kukuziba masikio. Tofauti ya kasi ipo, lakini ni ndogo kuliko ile unayolipia kwa mkono. Anayesumbuliwa hata na teke la .38 atazame .32 H&R Magnum, ambayo ipo tangu 1984 na imeanza kurudi sokoni: teke lake ni dogo, na silinda ya ukubwa uleule inabeba sita badala ya tano. Iko pia LCR ya .22 yenye risasi nane. Kwa mazoezi ni nzuri sana. Kwa kubeba ningesita, kwa sababu risasi za .22 hugoma mara nyingi zaidi kuliko hizo nyingine.

Kuhusu aina ya risasi sitaki kurefusha. Zipo zilizotengenezwa mahsusi kwa mitutu mifupi, kama Speer Gold Dot ya grani 135. Ziko pia zile butu za grani 148 za kutoboa karatasi za shabaha. Hizi zina teke la upole na huenda sawasawa, na mtu mwenye mkono dhaifu akizibeba sitamcheka.

Sasa triga. Hapa ndipo pa kutumia muda wako dukani. Triga ya rivolva ndogo kutoka kiwandani hutaka nguvu ya kilo tano na zaidi, na safari yake ni ndefu. Fikiria: unavuta kilo tano kwenye kitu chenye uzito usiofika nusu kilo. Kidole kikivuta, bastola nzima inataka kufuata, na mdomo wa mtutu unapepesuka kabla risasi haijatoka. Wengi wanaokosa shabaha kwa rivolva wanalaumu mtutu mfupi, ilhali wenyewe wameshaihamisha bastola kwa triga. Omba ruhusa ya muuzaji, fungua silinda, hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba vyumba vyote ni vitupu, elekeza mahali salama alipokuonyesha. Weka sarafu ya senti kumi juu ya bastola, nyuma kidogo ya alama ya mbele, uvute triga polepole mpaka mwisho. Sarafu ikianguka, jaribu tena. Ikianguka kila mara, triga hiyo imekushinda kwa sasa: jaribu LCR, ambayo wengi huiona laini zaidi, au nenda kwenye bastola nzito. Tazama pia kama kidole kinaifikia triga bila kulazimika kuuzungusha mkono mzima kwenye mpini. Mpini unaweza kubadilishwa kwa pesa kidogo. Mkono wako haubadilishwi.

Nyundo iwe ya ndani. Nyundo ya nje ina kikucha kinachonasa kwenye kitambaa cha mfuko wakati ambao huwezi kumudu kunaswa. Tena inamvuta mwenye hofu aitegue kwanza kwa dole gumba, hapo triga inakuwa nyepesi mno, na mkono unaotetemeka unafyatua kabla ya kichwa kuamua. Miundo kama 642 na LCR ya kawaida haina kikucha hicho wala njia ya kutegua. Ni upungufu ninaoupenda.

Alama za kulengea kwenye nyingi ya hizi ni hafifu: ukingo mdogo mbele na mfereji nyuma, vyote vya rangi moja. Dawa yake ni rangi ya kucha, nyeupe chini na ya chungwa kali juu yake, ipakwe kwenye alama ya mbele. Inagharimu chini ya dola kumi na inasaidia kuliko mapambo mengi ya bei.

Ukishanunua bastola, nunua ala siku hiyohiyo. Bastola inayobebwa mfukoni inataka ala ya mfukoni inayofunika triga yote, na mfuko huo usiwekwe kitu kingine chochote: si funguo, si peremende, si tasbihi. Mfuko wa kanzu haufai. Ni mlegevu na mrefu, bastola itaning'inia na kugonga paja hatua kwa hatua, na msikitini ukisujudu kila aliye nyuma ataona umbo lake. Rivolva ya chuma ivaliwe kiunoni, kwenye mkanda mgumu. Ama mkoba wa mkononi, wanawake wengi huupenda, nami siupendi. Mkoba unanyakuliwa, unasahauliwa kwenye kiti, na mtoto wa dada yako hutia mkono humo akitafuta bazoka. Tangu mwaka 2020 risasi zimekuwa chanzo cha kwanza cha vifo vya watoto na vijana Marekani. Kwa hiyo bastola ama iko mwilini mwako, ama iko ndani ya kisanduku cha chuma kilichofungwa. Juu ya kabati, chini ya godoro na ndani ya kava la mto si mahali pa kuwekea.

Kabla ya kununua, tafuta uwanja wa shabaha unaokodisha. Kukodi rivolva mbili tatu kwa saa moja na boksi la risasi kutakugharimu sehemu ndogo ya bei ya bastola, na kutakuambia mengi kuliko mimi. Anzia mita tatu, kisha tano, kisha saba. Weka vidole vyote mbali na mwanya ulio kati ya silinda na mtutu, maana gesi inayotoka hapo hukata nyama. Ukitoa maganda, elekeza mtutu juu na uipige fimbo ya kutolea kwa nguvu mara moja, kwa sababu kwenye rivolva fupi fimbo hiyo nayo ni fupi na ukiisukuma kwa upole maganda hubaki nusu ndani. Nyumbani, fanya mazoezi ya triga bila risasi, risasi zenyewe zikiwa chumba kingine na mlango umefungwa. Dakika chache kwa siku zinatosha, ila ziwe za kila siku.

Sheria za kubeba hutofautiana kwa kila jimbo, na zaidi ya nusu ya majimbo sasa hayadai leseni. Texas iliiondoa mwaka 2021, Ohio 2022. Minnesota bado inaidai. Ushauri wangu ni kuchukua leseni hata pale isipodaiwa. Inakulazimisha usome sheria, majimbo mengine huitambua unaposafiri, na kuna sababu isiyojulikana na wengi: sheria ya shirikisho inakataza bastola ndani ya kama mita 300 kutoka shule, na msamaha wake ni kwa aliyepewa leseni na jimbo hilo. Asiye na leseni anayepita barabarani mbele ya shule na bastola iliyojaa mfukoni anaweza kuwa anavunja sheria bila kujua, ingawa jimbo lake limemruhusu kubeba. Posta na ofisi za serikali kuu ni marufuku kwa wote. Texas kuna mabango yenye namba 30.06 na 30.07 milangoni, jifunze kuyatambua.

Mweusi mwenye bastola ndani ya gari, tena mwenye lafudhi, anahitaji neno la ziada. Julai 2016, karibu na Saint Paul, Philando Castile alisimamishwa na polisi, akamwambia kwa upole kwamba ana silaha. Alikuwa na kibali. Alipigwa risasi akiwa bado kwenye kiti chake, na mwaka uliofuata askari aliyempiga aliachiwa na mahakama. Hakuna maneno ya kukuhakikishia usalama, lakini utaratibu upo: washa taa ya ndani, mikono yote juu ya usukani, leseni ya udereva isiwe mfuko mmoja na bastola. Yako majimbo, Michigan mojawapo, yanayokutaka useme mara moja kwamba umebeba. Mengine ni mpaka uulizwe. Ukisema, taja kibali kwanza, kisha uliza askari anataka ufanye nini, na usisogeze mkono mpaka ajibu.

Ukiniuliza ununue ipi, jibu langu ni hili. Kwa anayevaa mkanda na shati refu, rivolva ya chuma ya .38 au .357 yenye gramu 600 hadi 700, iliyojazwa .38, risasi sita zikipatikana. Kwa asiye na njia ila mfuko, 642 au LCR, ile ambayo sarafu yako ilitulia juu yake. Ya gramu 335 mwachie aliyeshapiga rivolva miaka mingi na anajua anachokitafuta.

Na siku ya kusafiri kwenda nyumbani, mwaga kila begi kitandani ulikague mpaka kwenye pindo. Mwaka 2023 wakaguzi wa viwanja vya ndege vya Marekani walikamata silaha 6,737 kwenye vituo vya ukaguzi, nyingi mno zikiwa zimejaa risasi, na mwaka huo faini yake iliweza kukaribia dola 15,000. Hata risasi moja iliyosahauliwa mfukoni, ikionekana kwenye mashine Nairobi au Dar es Salaam, inaweza kukulaza kituo cha polisi wakati ndugu wanakusubiri nje na maua.